Oili ya Sintetiki: Ibadilishwe Baada ya Muda Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nikitumia oili ya sintetiki, nibadilishe baada ya kilomita ngapi?

Kwa gari la petroli la matumizi ya kawaida, lenye injini isiyo na tatizo: kilomita 8,000 hadi 10,000 au mwaka mmoja, chochote kitakachotangulia. Kama una haraka, ishia hapo.

Kama huna haraka, fungua kwanza kitabu cha gari lako, maana watengenezaji hawafanani. Toyota, kwa soko la Marekani, huruhusu maili 10,000, yaani karibu km 16,000, au miezi 12 kwa injini zake nyingi zinazotumia sintetiki ya 0W-20 (namba ya uzito wa oili, nitaieleza chini). Volkswagen wana mpango wa Ulaya unaofika hadi km 30,000 au miaka 2, lakini kwa oili yenye idhini yao maalumu (kama 504 00 au 507 00), si kwa sintetiki yoyote. Sasa jambo ambalo wengi hulipita: ukiendelea kusoma kitabu hichohicho cha Toyota utakuta maili zimekatwa nusu, zimekuwa 5,000, kwa mtu anayeendesha kwenye vumbi, anayevuta tela au anayeacha injini ikiunguruma muda mrefu bila gari kwenda. Watu hushika namba kubwa, wakaacha masharti yake.

Chupa yenyewe imeandikwa km 15,000. Kwa nini nisiifuate?

Kwa sababu chupa haijui oili inakwenda kuingia kwenye injini gani. Hiyo ni hesabu ya mazingira mazuri: injini safi, petroli safi, safari ndefu za mwendo mmoja. Mimi nikiona namba kwenye chupa naichukulia kama dari, siyo kama ahadi. Kitabu cha gari kikisema 10,000 na chupa ikisema 15,000, fuata kitabu.

Kwani sintetiki ina nini hasa kinachoifanya idumu?

Oili ya kawaida husafishwa kutoka kwenye mafuta ghafi, na molekuli zake ni mchanganyiko wa kubwa na ndogo, imara na dhaifu. Dhaifu ndizo zinazoanza kuungua na kushikana na oksijeni, kisha oili inakuwa nzito na kuacha ule ute mweusi unaogandia chini ya kifuniko cha valvu. Ya sintetiki imejengwa upya kiwandani, molekuli zake zinakaribiana ukubwa, kwa hiyo hustahimili joto zaidi, hupotea kidogo kwa mvuke, na bado hutiririka upesi injini ikiwa ya baridi.

Ila sabuni nzuri haizuii maji ya kuoshea vyombo kuchafuka. Masizi, vumbi, petroli isiyoungua, mvuke wa maji na asidi vinaingia kwenye sintetiki sawasawa na vinavyoingia kwenye oili nyingine. Kinachopambana navyo ni dawa zilizochanganywa ndani ya oili: za kusafisha, za kuzuia msuguano wa chuma kwa chuma, na za kuua asidi. Hizo dawa hutumika, zikaisha. Petroli au dizeli ikiwa na salfa nyingi, asidi inakuwa nyingi na dawa zinaisha mapema zaidi. Kwa hiyo unapomwaga sintetiki baada ya km 10,000, mara nyingi oili yenyewe bado ina nguvu. Kilichokwisha ni dawa, na kilichojaa ni uchafu.

"Mazingira magumu" ni yapi? Mimi naendesha kawaida tu.

Karibu kila mtu anasema anaendesha kawaida. Mazingira magumu kwa injini si lazima yawe safari ya milimani. Mabaya kuliko yote ni safari fupifupi. Unawasha gari, unakwenda km 3, unazima. Injini ya baridi hupuliziwa petroli ya ziada, sehemu yake haiungui, inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwa petroli nao unaganda ndani. Kwenye safari ndefu oili hupata joto la kutosha, maji na petroli vikageuka mvuke na kuvutwa nje. Kwenye safari ya km 3 vinabaki hapohapo, kesho vinaongezwa vingine.

La pili ni foleni. Gari limesimama, injini inazunguka, odomita, yaani kihesabu kilomita, haisogei. Ford wana hesabu yao inayosaidia: saa moja ya injini kuunguruma gari likiwa limesimama ni sawa na kama maili 33 za kuendesha, yaani karibu km 53. Chukua mtu anayekaa kwenye foleni nusu saa kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hizo ni saa 125, zaidi ya km 6,600 ambazo odomita haikuziona kabisa!

Ongeza vumbi, mizigo mizito, kuvuta tela na joto kali. Ukijiona kwenye mawili kati ya haya, fanya km 5,000 hadi 7,500 hata kama oili ni ya sintetiki bora kuliko zote.

Gari langu halifiki hata km 4,000 kwa mwaka. Si ningoje zitimie?

Usingoje. Gari la km 4,000 kwa mwaka kwa kawaida ndilo la zile safari fupifupi. Asidi na maji vikikaa ndani vinaendelea na kazi yao hata gari likiwa limeegeshwa. Mwaka ukiisha, badilisha. Na kama unajua gari litakaa miezi kadhaa bila kuwashwa, badilisha kabla ya kuliegesha, siyo baada.

Oili imekuwa nyeusi baada ya km 2,000 tu. Imeisha?

Hapana. Oili inayoweusika inafanya kazi yake: imebeba masizi badala ya kuyaacha yagande kwenye ringi za pistoni. Kwenye dizeli huwa nyeusi siku ileile uliyoibadilisha, kwa sababu kiasi cha oili ya zamani hubaki ndani na masizi yake ni mengi. Kinyume chake pia ni kweli: injini inayotumia gesi asilia huweza kuwa na oili inayoonekana safi ilhali imekwisha. Rangi ni shahidi mbaya.

Rangi moja tu ndiyo ya kuogopa, ile ya chai ya maziwa. Kama kijiti cha oili kinatoka na utando wa namna hiyo, maji yameingia kwenye oili, pengine gaskiti ya silinda hedi imekufa. Usiwashe gari. (Utando mdogo chini ya kifuniko cha kujazia tu, wakati wa baridi, kwa gari la safari fupi, unaweza kuwa unyevu wa kawaida. Kilichoko kwenye kijiti ndicho cha kuamua.)

Na nusa. Oili yenye harufu kali ya petroli, au inayopanda kwenye kijiti badala ya kushuka, imechanganyika na mafuta ya kuendeshea. Hiyo nayo ibadilishwe bila kungoja kilomita, kisha utafutwe mlango inakopitia.

Nikiwa na sintetiki, bado nahitaji kupima oili kila mara?

Unahitaji zaidi kuliko mwenye oili ya kawaida. Hapa nieleze kilichonipata, maana ndicho kilichonifundisha.

Nilikuwa na gari la zamani kidogo, nabadilisha oili ya kawaida kila km 5,000. Nikasikia habari za sintetiki, nikahamia, nikajipa km 12,000. Sikupima, kwa nini nipime oili ya kisasa? Siku moja, kama km 9,000 hivi, nilikuwa nakata kona kali taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazimika kona ilipoisha. Nikasimama, nikazima, nikasubiri, nikachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu. Nikakifuta, nikakirudisha hadi mwisho, nikakichomoa tena: tone moja tu kwenye ncha, jeusi, chini kabisa ya alama ya chini. Iliingia lita mbili na zaidi ndipo ikafika alama ya juu. Injini ile inachukua lita nne na kidogo.

Sintetiki haikuwa na kosa. Gari lilikuwa linakula oili miaka yote, karibu robo lita kila km 1,000. Zamani nilipobadilisha kila km 5,000 nilikuwa najaza upya kabla hali haijawa mbaya, bila hata kujua. Nilipouongeza muda, niliondoa pia ukaguzi niliokuwa naupata bure. Muda mrefu kati ya mabadiliko maana yake ni muda mrefu ambao hakuna mtu anayefungua boneti.

Kwa hiyo pima kila baada ya km 1,000, au kila unapojaza tangi mara ya pili. Gari liwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika 5 hadi 10 ili oili irudi chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chomoa, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha hadi mwisho, chomoa tena, soma. Pande mbili za kijiti zikitofautiana, amini ule ulio chini. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Na usizidishe alama ya juu: oili ikijaa mno, krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) huipiga ikawa povu, na povu halilainishi kitu.

Kula oili ni ugonjwa?

Kidogo si ugonjwa. Wapo watengenezaji wanaohesabu karibu lita moja kwa km 2,000 kuwa bado ni hali inayokubalika, ingawa mwenye gari hawezi kufurahia. La muhimu ni mabadiliko: gari lililokuwa halili likianza kula, au lililokuwa linakula kidogo likaanza kula sana, tafuta sababu.

Nikiongeza oili mpya kila inaposhuka, si ni sawa na kubadilisha?

Hapana. Unaongeza dawa kidogo, ndiyo, lakini uchafu wote na filta ya zamani viko palepale.

Filta nayo nibadilishe kila mara?

Kila mara. Hapa sina mjadala.

Niliwahi kukata filta iliyokaa km 14,000, kwa udadisi tu. Ndani kuna karatasi iliyokunjwa mikunjomikunjo kuzunguka bomba lenye matundu. Mikunjo ilikuwa imeshikana, ukiitanua kwa kidole inaacha ute kama grisi. Filta ikiziba hivyo, oili haisimami. Kuna valvu ndogo inayofunguka na kuiacha ipite bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Yaani unaendesha ukidhani una filta kumbe huna. Ukikata filta yako, itandaze karatasi juani uitazame: weusi ni kawaida, vimetameta vya chuma si kawaida, hasa vya rangi ya shaba, maana hivyo hutoka kwenye beringi.

Ukinunua oili ya kukaa km 10,000, nunua na filta iliyotengenezwa kwa umbali huohuo. Filta dhaifu inashusha muda wa oili yote.

Nitajuaje kama "sintetiki" yangu ni sintetiki kweli?

Neno lenyewe lina utata wa zamani. Zamani lilimaanisha oili iliyoundwa kemikali moja kwa moja. Baadaye kampuni ya oili ya Castrol ikaanza kuuza kama sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa na kubadilishwa kwa haidrojeni, mshindani wake Mobil akalalamika, na mwaka 1999 chombo cha kusuluhisha migogoro ya matangazo nchini Marekani kikaamua kwamba Castrol inaweza kuiita hivyo. Tangu hapo sehemu kubwa ya oili iliyoandikwa sintetiki ni ya aina hiyo, na si mbaya hata kidogo.

Ndiyo maana mimi siangalii neno. Naangalia viwango vilivyoandikwa nyuma ya chupa: daraja la API, taasisi ya petroli ya Marekani (daraja la SP lilianza mwaka 2020 na linafaa mahali pa SN na yaliyotangulia), kiwango cha ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya, kwa magari ya huko, na idhini ya mtengenezaji wa gari kama kitabu kinaidai. Neno kubwa la mbele ni la biashara. Herufi ndogo za nyuma ndizo za injini.

Je, 0W-20 na 5W-30 zinatofautiana muda wa kudumu?

Si kwa namba hizo. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, na ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa na joto. Tumia iliyo kwenye kitabu. Kuweka nzito zaidi ili idumu ni mawazo ya injini za zamani. Za leo zina njia nyembamba za oili na valvu zinazoongozwa na presha yake.

Gari langu lina turbo. Muda ni uleule?

Punguza. Shafti ya turbo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, pembeni ya moshi wa moto. Na injini nyingi za turbo za sasa hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli inayoingia kwenye oili ni nyingi zaidi. Nisingezidisha km 8,000. Pia hakikisha oili ni ya API SP au mpya zaidi. Daraja hilo liliwekwa kwa kuzingatia magari haya, pamoja na tatizo la petroli kuwaka kabla ya wakati na kuchakaa kwa taimingi cheni.

Na dizeli?

Dizeli yenye chujio la masizi kwenye egzosi inahitaji oili yenye majivu kidogo, zile za ACEA zinazoanza na herufi C. Ukikosea hapo hutaona tatizo leo, utaliona chujio litakapoziba. Kisha pima oili kwa jicho la pili: chujio linapojisafisha mara kwa mara bila kumaliza, hasa kwa safari fupi, dizeli huteremka kwenye oili na kijiti huonyesha imepanda. Oili haizai. Ikipanda, ibadilishe.

Taa ya dashibodi inaniambia oili imebakiza asilimia 30 ya muda wake. Niiamini?

Kwa kiasi. Magari mengi hayapimi oili yenyewe. Kompyuta inahesabu mizunguko ya injini, joto na safari, kisha inakadiria. Hesabu hiyo ni nzuri kuliko odomita peke yake, lakini inadhani umeweka oili iliyoelekezwa, na haijui kama imebaki lita nne au mbili. Na kama fundi alibadilisha oili akasahau kurudisha hesabu mwanzo, au aliirudisha hesabu bila kubadilisha oili, inakudanganya kwa uhakika kabisa.

Usiichanganye na taa nyekundu yenye picha ya birika la oili. Ile si ya kukumbusha. Ikiwaka ukiwa barabarani, toka pembeni uzime injini hapohapo. Wanaosema "nifike tu nyumbani" ndio ambao injini zao hunoki.

Naweza kuchanganya sintetiki na ya kawaida?

Ukiwa umeishiwa njiani, ndiyo. Zinachanganyika vizuri. Ila muda wako sasa ni wa oili ya kawaida, siyo wa sintetiki.

Injini ina km 200,000 na imezoea oili ya kawaida. Nihamie?

Unaweza, kama haivuji. Zile hadithi za sintetiki kutoboa sili zilitokana na oili za mwanzo kabisa. Kinachotokea siku hizi ni kwamba ute uliokuwa umeziba sili iliyochoka unasafishwa, na mvujo uliokuwa umejificha unaonekana. Mabadiliko mawili ya kwanza yafanye mapema, km 4,000 hivi kila moja, kwa sababu oili itabeba uchafu wa miaka. Dawa za kusuuza injini kwa nguvu siziweki kwenye injini ya namna hiyo. Ute ukibanduka kwa mapande unaweza kuziba kichujio cha pampu ya oili.

Nimepitisha km 3,000 zaidi ya muda. Nimeua injini?

Kwa mara moja, hapana. Pima, ijaze kama imeshuka, ibadilishe wiki hii pamoja na filta, na mzunguko unaofuata uwe mfupi.

Pikipiki nayo?

Hilo ni jambo jingine. Pikipiki nyingi hutumia oili moja kwa injini, giaboksi na klachi, na meno ya gia huikatakata oili upesi kuliko injini peke yake. Chagua yenye alama ya JASO MA au MA2 (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki), la sivyo klachi inaweza kuteleza, na fuata kilomita za kitabu cha pikipiki bila kuongeza kwa sababu ya sintetiki.

Kuna njia ya kujua muda wa gari langu mwenyewe, bila kubahatisha?

Ipo: kupeleka sampuli maabara. Unachukua oili kidogo katikati ya kumwaga, ikiwa bado ya moto, siyo ile ya kwanza yenye mashapo. Majibu yatakuonyesha chuma na shaba kutoka kwenye injini, petroli na maji vilivyochanganyika, silikoni (mara nyingi ni vumbi linalopenya kwenye filta ya hewa), na kiasi cha dawa ya kuua asidi kilichobaki. Ukipata majibu mawili au matatu mfululizo ya km 8,000 yakiwa mazuri, nenda 10,000 kwa moyo mweupe. Yakiwa mabaya, umejua kabla ya injini kukuambia.

Oili niliyoimwaga niifanye nini?

Irudishe kwenye chupa ilimotoka mpya, ifunge, ipeleke kwa fundi au kituo kinachokusanya oili chafu. Husafishwa na kutumika tena. Usiimwage mtaroni wala chini. Usichanganye humo maji ya rejeta, petroli wala oili ya breki, kwa sababu pipa zima litakataliwa. Filta iinamishe juu ya beseni usiku kucha kabla ya kuitupa. Utashangaa kiasi kinachotoka.